Wamelelewa Butembo, Wameandikwa Wapi?

Wasikilizaji wa Butembo na Beni, leo ni mpira.

Nianze na kijana mmoja wa jirani. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia mwaka 1997, Bunia hiyo hiyo ya Ituri ambako wengi wenu mna mashemeji. Alipelekwa Uingereza angali mdogo, akakulia Rochdale karibu na Manchester, na akiwa na miaka minane akaingia kwenye shule ya mpira ya Manchester United. Leo anavaa jezi ya Leopards, jezi ya taifa letu. Lakini ukifungua orodha ya wachezaji inayopelekwa kwa wakubwa wa ligi ya Uingereza, Tuanzebe amehesabiwa kuwa mtoto wa nyumbani. Wa nyumbani kwao, si kwetu.

Hakuna aliyekosea hapo. Sheria ya Uingereza haiulizi pasipoti yako ni ya rangi gani wala mama alikuzalia wapi. Swali lake ni moja: kabla hujatimiza miaka 21, uliandikishwa misimu mitatu katika timu ya Uingereza au Wales? Ukijibu ndiyo, wewe ni wa nyumbani. Cesc Fàbregas, Mspania mtupu, aliingia Arsenal mwaka 2003 akiwa na miaka 16, na kwa hesabu hiyo akawa wa nyumbani. Mwingereza kamili aliyekulia katika timu za Hispania anaweza kuhesabiwa mgeni. Sheria hii inatazama malezi, na malezi inayasoma kwenye karatasi.

Tangu msimu wa 2010/11, timu ya Premier League inaandikisha wachezaji 25 wakubwa, na kati yao wasiolelewa huko hawazidi 17. Walio chini ya miaka 21 hawabanwi na idadi hiyo. Ukiwa na wageni 17 na watoto wa nyumbani watano tu, orodha yako inaishia 22. Zile nafasi tatu zinabaki wazi msimu mzima na hakuna wa kumlilia. Kwa mashindano ya Ulaya, UEFA ilianza mwaka 2006 na nafasi nne, ikapanda hadi sita, na kuanzia msimu wa 2008/09 zikawa nane kati ya 25: nane hizo ni za waliolelewa ndani ya nchi, na angalau nne kati yao wawe wamelelewa na timu yenyewe. Kulelewa maana yake ni miezi 36 au misimu mitatu kati ya umri wa miaka 15 na 21, kwa mfululizo au kwa vipande. Hayo maneno "kwa vipande" myaweke kando, nitayarudia.

Sasa tazameni sheria hiyo inavyombana mtu anayepanga kikosi. Kwa miaka sita Manchester City ilikuwa na golikipa mmoja mzee, Scott Carson. Alifika 2019, akaondoka 2025, na katika miaka yote hiyo alicheza mechi mbili. Mechi mbili! Shabiki wa hapa angesema prezida wa timu anatupa pesa. Lakini Carson ni Mwingereza aliyelelewa Uingereza, kwa hiyo anaziba nafasi moja ya mtoto wa nyumbani, na ile nafasi ya mgeni anapewa mtu wa kufunga mabao. Golikipa wa tatu hachezi, basi awe wa nyumbani. Hivyo ndivyo wanavyopiga hesabu. Na ndiyo maana kijana Mwingereza wa kiwango cha kati hununuliwa kwa bei inayotushangaza: bei hiyo ina miguu yake na ina makaratasi yake.

Chanzo cha haya yote ni hukumu ya Bosman ya Desemba 1995. Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mchezaji wa nchi ya Umoja wa Ulaya hawezi kuhesabiwa mgeni katika nchi nyingine ya umoja huo. Timu tajiri zikafungua mlango na kununua. Wakubwa wa mpira hawakuweza tena kusema "raia wetu kwanza", wakatafuta njia ya pembeni: waliolelewa kwetu kwanza. Hata njia hiyo imetikiswa. Tarehe 21 Desemba 2023, katika kesi ya timu ya Royal Antwerp ya Ubelgiji, mahakama hiyo hiyo ilisema masharti haya yanaweza kwenda kinyume na sheria za Ulaya, ikairudisha kesi Brussels ipimwe kama sababu zake zinatosha.

Tutoke Ulaya tuje jirani. Tanzania haiulizi malezi, inauliza uraia. Timu ya ligi kuu inaruhusiwa wageni 12. Na wageni hao wengi tunawajua kwa majina, kwa sababu ni ndugu zetu. Fiston Mayele, mtoto wa Mbuji-Mayi, alitoka AS Vita Club akaenda Yanga mwaka 2021, na mwaka 2023 akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho akiwa mfungaji bora wa mashindano. Henock Inonga alitoka Motema Pembe akaenda Simba. Kuna wakati mechi ya Simba na Yanga ingeweza kutangazwa kwa Kilingala na nusu ya uwanja ikaelewa.

Lakini tazameni umri waliofika nao. Mayele aliingia Dar es Salaam akiwa na miaka 27, amekwisha kuiva. Nafasi ya mgeni ikiwa ni moja kati ya 12, hakuna kocha wa Simba au Yanga atakayeitoa kwa kijana wetu wa miaka 18 wa Mulekera au Kimemi ili amfundishe kupiga mpira kwa mguu wa kushoto. Anataka mtu wa kufunga Jumamosi hii. Hapo ndipo sheria ya jirani inapotugusa sisi, ingawa haikuandikwa kwa ajili yetu: inatulazimisha tumwivishe kijana wetu hapa hapa hadi miaka 23, 24, ndipo soko la Afrika Mashariki limtazame. Sisi tunaomba aondoke akiwa na miaka 17.

Na sheria ya uraia ina mlango wa nyuma. Januari 2025, wachezaji watatu wa Singida Black Stars, wa kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, walipewa uraia wa Tanzania. Siku ile ile hesabu ya wageni ikapungua kwa watatu. Sisemi walikosa haki. Serikali ina mamlaka ya kumpa uraia inayemtaka. Ninasema kwamba pasipoti inaweza kubadilishwa kwa sahihi moja, lakini miaka mitatu ya utoto haibadilishwi na ofisi yoyote. Kwa hilo ninapendelea sheria ya malezi kuliko ya uraia.

Afrika nzima nayo ina aina yake ya sheria hii, ila sisi hatuiiti hivyo. CHAN, kombe la wanaocheza ligi za nchini mwao, lilianza 2009 kule Ivory Coast na tulilichukua sisi, tukiipiga Ghana 2-0 katika fainali. Tukalichukua tena Kigali mwaka 2016, Mali 3-0, Florent Ibenge akiwa kocha na Meschack Elia akifunga mawili. Miaka ile mchezaji wa ndani alikuwa na thamani kwa sababu timu kama Mazembe na Vita zilikuwa na uwezo wa kumbakiza. Agosti 2025, CHAN ilipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, hatukuvuka hata kundi letu la Nairobi. Timu ya wachezaji wa ndani haizidi ligi ya ndani. Ligi ikiyumba, nayo inayumba.

Sasa tuje nyumbani, uwanja wa Matokeo hapa Butembo. AS Nyuki, US Socozaki, na kwa upande wa Beni Capaco: timu hizi zimewahi kucheza ligi ya taifa, LINAFOOT, na wenye umri wangu wanakumbuka Jumapili ambazo maduka ya katikati ya mji yalifungwa mapema. Ukiuliza timu za kwetu zina watoto wa nyumbani wangapi, jibu litamfurahisha mtu wa UEFA: karibu wote. Beki ni mtoto wa Vulamba, kiungo alisoma shule moja na golikipa, winga anaendesha pikipiki ya abiria siku za juma. Hatukuhitaji sheria. Umaskini umetutungia sheria.

Basi, kwa nini hatunufaiki?

Kwa sababu hawa tuliowalea hatujawaandika. Nendeni kwenye timu yoyote ya mtaa, mumwombe katibu lisansi za vijana. Atawatolea boksi la karatasi lililowahi kubeba sabuni. Ndani mna lisansi za wakubwa, zimefungwa kwa mpira wa kukatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli, picha zimeanza kubanduka kwenye kona. Lisansi za watoto wa miaka 12, 13, 14 hakuna. Watoto wenyewe wako pale, arobaini, wanakimbia kwenye vumbi kila saa kumi jioni, kocha anawajua kwa majina ya utani. Lakini kwa Entente ya mji hawapo, kwa LIFNOKI ya mkoa hawapo, kwa FECOFA ya taifa hawapo, na kwa FIFA hawajazaliwa.

Nawapa hesabu, mchukue kalamu. FIFA ina kitu kinaitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inatolewa na kugawiwa timu zote zilizomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, timu inapata robo asilimia ya bei. Kuanzia miaka 16, nusu asilimia kwa kila msimu. Sasa chukueni kijana aliyelelewa Butembo kuanzia miaka 12 hadi 18, na siku moja, akiwa mbali kabisa, anauzwa dola milioni moja. Misimu minne ya mwanzo ni asilimia 1. Misimu mitatu ya mwisho ni asilimia 1 na nusu. Jumla asilimia 2 na nusu: dola 25,000. Kwa timu ya mtaa, hiyo ni misimu mingapi ya jezi, mipira na usafiri? Na si mara moja tu. Kila anapouzwa tena kwa namna hiyo, mchango unahesabiwa upya.

Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi ya malipo hayo iliyoko Paris, na kazi yake inaanza na pasipoti ya mchezaji, yaani historia ya timu alizoandikishwa, moja baada ya nyingine. Timu isiyomo katika pasipoti haina cha kudai. Huwezi kupeleka Paris mashahidi watatu wa mtaa waseme "huyu tulimnunulia viatu vya kwanza".

Mtaniambia: Bwana, unazungumza lisansi, sisi tunazungumza vita. Ni kweli, na nisingependa kulipita jambo hili haraka.

Kijana aliyetimiza miaka 12 hapa Beni mwaka 2018 amepitia nini? Tarehe 1 Agosti mwaka huo Ebola ilitangazwa Mangina, ikaingia Beni, ikaingia Butembo na Katwa, na haikutangazwa kuisha hadi tarehe 25 Juni 2020, imekwishaua watu zaidi ya 2,200. Mikusanyiko ilikuwa ya hofu, na mpira ni mkusanyiko. Kabla Ebola haijatoka, Korona ikaingia, na ligi ya taifa ya 2020 ikakatwa katikati. Huku waasi wa ADF hawakuacha kuua watu mashambani na barabarani. Halafu mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na kusini ya Lubero yote ikapanda barabara na magodoro kichwani kuja Lubero-centre, Butembo, Beni. Kijana huyo sasa ana miaka 20. Mwambie kuhusu misimu mitatu kamili, atakutazama tu.

Ndiyo maana niliwaomba muweke kando yale maneno ya UEFA, "kwa vipande". Sheria yenyewe inakubali malezi yaliyokatika. Mchango wa mshikamano nao unahesabu kila kipande peke yake. Mtoto aliyecheza Kayna miaka miwili, akakimbia, akapokelewa na timu ya Butembo mwaka mmoja na nusu, akaishia Beni: timu zote tatu zina haki ya sehemu yake, kila moja kwa muda wake. Vita havikuifuta haki ya timu ya Kayna. Kinachoifuta ni kukosa lisansi ya ile miaka miwili, na hiyo hatukunyimwa na M23. Tuliikosa wakati wa amani pia.

Kwa hiyo Entente za Butembo na Beni zingeanza hapa, na timu zilizowapokea watoto waliokimbia vita zianze nao. Ninajua vikwazo vyake. Lisansi inataka cheti cha kuzaliwa, na watoto wengi hawana. Aliyekuwa nacho kilibaki kwenye nyumba iliyoachwa. Cheti cha kuchelewa kina safari zake za komini na mahakama, na kila meza ina gharama yake. Lakini hata daftari lililosainiwa na katibu wa timu na kupigwa muhuri na Entente mwanzoni mwa kila msimu ni mahali pa kuanzia, mradi majina hayo yapelekwe juu yaingizwe kwenye mfumo wa shirikisho. Daftari linalolala Butembo halisomwi Paris.

Na kijana aliyevukia Uganda? FIFA inakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine, lakini ina milango michache. Mmoja ni wa wanaokaa mpakani: nyumba isizidi kilometa 50 kutoka mpaka, na timu ya upande wa pili nayo isizidi 50. Mtoto anayelala Kasindi na kucheza Bwera anaweza kupita hapo, mradi mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Mwingine ni wa wakimbizi. Makocha wa Kasindi, mambo haya yawahusu.

Upande wa kupanga kikosi ndio unaoniumiza zaidi, kwa sababu huo hauhitaji FIFA. Mfanyabiashara wa Butembo anajua kuagiza kontena Guangzhou: analipa leo, mzigo anauona baada ya miezi, na katikati halali vizuri lakini anasubiri. Mtu huyo huyo akichaguliwa prezida wa timu, anasahau kusubiri. Ubingwa wa mkoa ukibaki na wiki tatu, anatuma watu Bunia na Kisangani walete wachezaji saba. Wanalipiwa nyumba, chakula, nauli na dola za mkononi. Wakishinda wanabebwa juu juu. Wakishindwa wanaondoka na jezi. Mwaka unaofuata tunaanza tena na watu saba wengine. Na wale vijana wetu wawili waliokuwa wanakaribia kuiva wamekaa benchi msimu mzima, mmoja amerudi kwenye duka la mjomba, mwingine ameingia Chuo Kikuu cha Graben kusoma sheria. Huyo wa Graben simlaumu hata kidogo.

Wengine wanapendekeza dawa ya haraka: Entente iamuru kila timu ianzishe vijana wawili wa chini ya miaka 18. Mimi siiamini. China walijaribu mwaka 2017: kila timu ianze na mchezaji mmoja wa chini ya miaka 23. Makocha walimwanzisha, na baada ya dakika chache wakamtoa. Hapa tungefika mbali zaidi. Ukitoa nafasi kwa umri, umri utapatikana. Tunao vijana wa miaka 17 wenye watoto watatu. Nami naogopa pia timu za vijana za karatasi. CAF inadai timu ya vijana kabla ya kukupa ruhusa ya kucheza mashindano yake, na sote tunajua timu inayokusanywa asubuhi ya ukaguzi.

Mimi ningefunga mlango mwingine. Timu isiyoandikisha watoto wake, tuseme kumi na watano wa chini ya miaka 15, isipewe lisansi hata moja ya mchezaji anayetoka nje ya mji. Mtoto hataanzishwa kwa lazima, kocha apange anavyotaka. Lakini prezida anayetaka mshambuliaji wa Kisangani atapita kwanza kwa watoto wa Bulengera. TP Mazembe yenyewe, iliyozoea kununua Wazambia, Waghana na Mbwana Samatta wetu wa Afrika Mashariki, na ikabeba kombe la Afrika 2010 na 2015, ilianzisha shule yake ya mpira mwaka 2012, ile Katumbi Football Academy. Nao wana migodi nyuma yao. Sisi tuna viazi, kahawa na maduka.

Kuna wazazi watakaosema mpira unaharibu masomo. Mleteni mtoto na daftari la shule mazoezini, kocha alitazame. Zipo timu hapa mjini zinazofanya hivyo na hazijakosa wachezaji.

Muda wangu umekwisha, simu ziko wazi. Ningependa kuanza na makatibu wa timu, si mashabiki. Katibu, tutajie timu yako, halafu tuambie msimu huu mmeandikisha watoto wangapi wa chini ya miaka 15, na wangapi kati yao wametoka Kanyabayonga, Kayna na Kirumba. Mashabiki watafuata baada ya matangazo.